Wanaofundisha kwamba mtu anarudi, wanakumbuka namna gani walimu wao waliokufa?

Katika vitabu hivi vya muungano wetu tumezoea kuongea juu ya mila za kwetu: kutoa jina, mahari, kilio, kusimika sultani. Mara hii nachambua mila ya watu wa mbali, wa Marekani na Ulaya zaidi, ambao nao wako na wakubwa wao waliokufa na namna yao ya kuwakumbuka. Ni watu wanaofanya kazi ya kumrudisha mgonjwa katika maisha ya zamani. Mtu anakuja na woga, ao maumivu ya shingo ambayo munganga haoni sababu yake, ao huzuni isiyokwisha. Wanamlaza, wanamtuliza kwa maneno mpaka anaingia katika hipnozi, ni kusema hali kama usingizi ambamo mtu bado anasikia na kujibu. Kiisha wanamwambia arudi nyuma: utoto, tumbo la mama, na kupita pale, mpaka maisha ambayo wanasema aliishi mbele ya kuzaliwa. Akiona namna alivyokufa kule, wanasema, maumivu ya leo yanapungua.

Sitajadili hapa kama mtu anazaliwa mara nyingi ao mara moja. Kila mtu ako na dini yake. Swali langu ni lingine: watu wanaofundisha kwamba kifo ni mlango tu, mwalimu wao akikufa wanafanya nini? Wanaweka nini ya kwake, na wanaacha nini? Jibu langu nalitoa mapema. Wanaweka vizuri jina lake na njia yake ya kazi, lakini wanaacha makosa yake na maswali aliyoulizwa. Kumbukumbu ya namna hiyo inamfanya mwanafunzi kuwa muuzaji wa mali ya marehemu, na anayelipa bei ya ule ukimya ni mgonjwa.

1. Ukoo wao

Kila ukoo unahesabu mababu. Wao wanapenda kuanzia kwa Mfaransa mmoja, kanali Albert de Rochas, aliyetoa mwaka 1911 kitabu juu ya maisha yanayofuatana. Lakini kilichowasha moto ni kitabu cha Mmarekani Morey Bernstein, mfanyabiashara wa mji wa Pueblo, katika Colorado. Mwaka 1952 alianza kumlaza mwanamke mmoja wa pale, na huyu akasimulia kwamba zamani alikuwa mwanamke wa Ireland, jina lake Bridey Murphy. Kitabu kilitoka mwaka 1956 na nchi nzima ikakisoma.

Mwaka 1978 vikatoka vitabu vitatu mara moja: kimoja cha Morris Netherton, kimoja cha Edith Fiore, kimoja cha Helen Wambach. Mwaka 1980 wakaunda muungano wao huko Riverside, California, na mwaka 1986 wakaanzisha jarida. Wakati ule wakawa kweli jamii: wako na mikutano, masomo, vyeti, na wakubwa. Basi wakubwa wakaanza kufa. Helen Wambach alifariki katikati ya miaka ya 1980. Roger Woolger, Mwingereza aliyesoma Oxford na kwenye shule ya Jung huko Zurich, alifariki mwaka 2011. Dolores Cannon wa Arkansas alifariki mwaka 2014. Michael Newton wa California, aliyeandika mwaka 1994 kitabu juu ya safari ya roho kati ya maisha moja na mengine, alifariki mwaka 2016.

2. Mazuri yao

Mchambuzi wa haki anaanza na mazuri, na yapo. La kwanza, hawaachi kazi ya mwalimu ioze. Masomo ya Dolores Cannon yamewekwa katika video, binti yake Julia ameyashika, na mtu anayejifunza leo anamwona Dolores mwenyewe akifundisha. Newton aliacha taasisi yenye jina lake, na mwaka 2019, miaka mitatu kisha kifo chake, wanafunzi walitoa kitabu cha mifano ya kazi wanayoendelesha. Kwetu ni waalimu wangapi waliofundisha miaka makumi tatu, na leo hakuna hata daftari moja la masomo yao? Mjane amekwisha kufungia karanga ndani ya zile karatasi. Pale wanatupita mbali.

La pili, kuna ujasiri katika mambo fulani waliyoandika walimu wenyewe. Chukueni Woolger. Katika kitabu chake cha mwaka 1987 anaeleza kwamba zamani aliombwa kuhakiki kitabu juu ya Wakathari, wale Wakristo wa kusini ya Ufaransa walioangamizwa katika karne ya 13, na alikicheka. Miaka ikapita, yeye mwenyewe akajaribu kurudi nyuma na rafiki wa kazi. Alichokiona haikuwa mfalme wala padri mtakatifu. Alijiona askari wa kulipwa, mtu mkali, anayeua wale wale Wakathari. Ni nani kati yetu, akiota ukoo wake, anakubali kuota muuaji? Woolger alisema pia jambo ambalo wengi wao hawalipendi: kwamba si lazima mgonjwa aamini kuzaliwa tena, juu akili ya ndani ikiombwa hadithi itatoa hadithi, na hadithi yenyewe njo inafanya kazi. Yule alikuwa mwalimu aliyeacha mlango wazi.

3. Kasoro tatu

Kasoro ya kwanza iko katika maneno. Mara nyingi hawapendi kuandika kwamba mwalimu amekufa. Wanasema amevuka, amerudi nyumbani, anaendelea na kazi upande wa pili. Najua, na sisi tunasema "ametutangulia", na Wakristo wanasema "amelala". Kupamba kifo si kosa. Lakini kwao pambo linafanya kazi nyingine: mwalimu asiyekufa hakumaliza, na mtu ambaye hakumaliza hatuwezi kufunga hesabu yake. Kwetu kilio kinakwisha, watu wanakaa, wanauliza: marehemu ameacha deni gani? Nani anamdai? Ile saa ya deni ni ngumu, lakini ni ya haki. Kwa wale, saa ya deni haifiki.

Kasoro ya pili: mwalimu anabaki njia ya kazi tu. Dolores anafundisha kwa video, lakini video haijibu. Mwanafunzi anaweza kuirudisha mara kumi. Itasema neno moja mara kumi. Hapa naweza kulinganisha na Waluba. Mfalme wa Waluba akikufa, makao yake yaligeuka kitenta, na mwanamke mmoja, mwadi, alikaa pale na vyombo vya ufalme, na roho ya marehemu ilisemwa kuwa ndani yake. Tusifanye ile mambo kuwa pepo. Ilikuwa pia siasa, na mwadi alikuwa na faida yake. Lakini mwadi alikuwa mtu. Watu waliweza kumfikia, kumuuliza, na kurudi na jibu wakalijadili njiani. Mkubwa aliyekufa alibaki na masikio. Kwa hawa wa Marekani, wanaoamini kurudi kuliko sisi, mkubwa aliyekufa amebaki paka na kinywa.

Kasoro ya tatu njo kubwa: ukimya juu ya makosa. Natoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Helen Wambach. Alikuwa mwanasaikolojia wa kazi ya kweli. Alilaza watu kwa vikundi, zaidi ya 1000 kwa jumla, na hakuuliza kama walikuwa Cleopatra. Aliuliza: miguuni umevaa nini? Unakula nini, na chombo gani? Ni mwanamume ao mwanamke? Aliona kwamba wengi walisimulia maisha ya watu wadogo, wakulima wenye nguo mbaya na chakula cha kila siku kimoja, na nusu walikuwa wanaume, nusu wanawake. Ile njia ya kuuliza mambo madogo ni ya kuheshimu. Lakini Wambach alianza pia kuwapeleka watu mbele, katika wakati ujao, na kisha kifo chake mwenzake Chet Snow alitoa ile kazi katika kitabu mwaka 1989. Watu wale waliona misukosuko mikubwa ya dunia kuelekea mwisho wa karne ya 20, na watu wachache sana wakibaki duniani karibu na mwaka 2100. Sasa karne ya 20 imekwisha zamani. Misukosuko tumeiona, hata sisi hapa Kongo, lakini si ile. Wakati wa kuja ni mahali pekee ambapo ile njia ingeweza kupimwa na kila mtu, na ilipimwa, na ilianguka. Kama watu walioona wazi kesho ambayo haikufika walilazwa kwa njia ile ile ya wale walioona jana, ile jana tuiamini kwa sababu gani? Swali hilo lingepaswa kusomwa kila mara wanapotaja jina la Wambach. Kulificha ni kumdharau, juu yeye alikuwa mtu wa kuhesabu.

Mfano wa pili ni kazi ya Nicholas Spanos, profesa wa Canada, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1994. Huyu hakuwa mtu wao, alikuwa mpinzani. Mwaka 1991, yeye na wenzake walitoa utafiti juu ya watu waliorudishwa nyuma kwa hipnozi. Mbele ya kuwalaza, waliwaambia wengine kwamba zamani watoto waliteswa mara nyingi. Wengine hawakuambiwa kitu. Walioambiwa wakasimulia utoto wa mateso zaidi kuliko wengine. Ni kusema hadithi ilifuata neno la muulizaji. Mimi naona Spanos ni mmoja wa walimu wakubwa wa ile jamii, hata kama hawakumwita. Mtu anayekuonyesha panya ndani ya ghala yako amekufundisha kuliko anayesifu mahindi.

Msomaji wa hapa asiseme hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa. Tunajua vizuri swali linaloleta jibu lake. Katika miji yetu, watoto wangapi waliketishwa mbele ya mchungaji, wakaulizwa usiku mzima, "Ulikula nani? Ulienda na nani?", mpaka mtoto akasimulia ndege ya usiku na nyama ya watu? Mtoto hakudanganya kama mwizi anavyodanganya. Alitoa hadithi iliyoombwa. Inchi yetu iliona ile hatari mpaka katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, ikakataza kumsingizia mtoto uchawi. Huko California hakuna anayefukuzwa nyumbani juu ya maisha ya zamani, ni kweli. Lakini mtu aliyekuja na huzuni anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba mume wake alimuua katika karne ya 15, na kuanza kumtazama kwa jicho lingine. Gabriel Andrade, aliyeandika mwaka 2017 juu ya haki ya ile tiba, alifika kusema kwamba haifai, juu haina msingi wa kisayansi na inaweza kupanda kumbukumbu za uongo. Wanafunzi wa marehemu wangeweza kumjibu vizuri kama walimu wao wangekumbukwa pamoja na mitihani iliyowashinda. Wamebaki na sifa tu, na sifa hazijibu hoja.

4. Mwanamke bila jina

Kuna mtu mmoja ambaye kumbukumbu zao zinampita haraka: mgonjwa. Turudi Pueblo. Mwanamke aliyekuwa Bridey Murphy aliitwa Virginia Tighe. Ndani ya kitabu walimpa jina lingine, Ruth Simmons, ili wamkinge. Haikusaidia. Waandishi wa magazeti walimtafuta mpaka nyumbani. Wengine walienda Ireland kutafuta alama za Bridey na hawakupata kuzaliwa kwake wala kifo chake katika vitabu vya serikali. Gazeti moja la Chicago likaandika kwamba katika utoto wake Virginia alikuwa na jirani, mwanamke wa ukoo wa Ireland, aliyeitwa Bridie, na jina lake la kuzaliwa Murphy. Wengine walibisha lile gazeti, na ubishi haukwisha.

Virginia alikufa mwaka 1995, Bernstein mwaka 1999. Katika historia za ile kazi, Bernstein ni mwanzilishi. Virginia ni "kesi". Lakini nani alilala pale? Nani alibeba maneno, vicheko, na watu mlangoni? Bila yeye Bernstein alikuwa mfanyabiashara anayejifurahisha jioni. Jamii inayosema kwamba kila roho inastahili kukumbuka maisha yake yote imeshindwa kukumbuka vizuri maisha moja, yale ya mwanamke aliyewaanzishia kazi, na yenye tarehe na cheti.

Mtanijibu: munganga hataji jina la mgonjwa, ni siri ya kazi. Sawa. Siombi majina. Naomba wakati wa kumsifu mwalimu waseme pia: hawa walipona, hawa hawakupona, hawa walitoka wakiwa wabaya kuliko walivyoingia. Mwalimu wa shule tunamjua kwa wanafunzi wake wote, si paka kwa yule mmoja aliyekuwa waziri.

5. Lukasa na kufuli

Mtu atauliza: kumbukumbu ya namna gani basi inafaa? Natoa mbili, moja ya kwetu, moja ya kwao.

Ya kwetu ni lukasa ya Waluba, ule ubao mdogo wenye shanga, unaokaa katika mkono wa kushoto na kidole cha mkono wa kulia kinausoma. Walioushika walikuwa watu wa chama cha Mbudye. Juu ya ule ubao kulikuwa habari ya kuanza kwa ufalme, na habari ile haikuanza na mtu mzuri. Inaanza na Nkongolo Mwamba, mtawala mkali, ambaye katika masimulizi mengine alizika mama yake akiwa mzima kwa sababu alimcheka. Kiisha anakuja Mbidi Kiluwe, mwindaji, na mwana wake Kalala Ilunga, ambaye Nkongolo alimchimbia shimo mahali pa kucheza ngoma. Waluba wangeweza kumfuta Nkongolo. Hawakumfuta. Kila mfalme mpya alipaswa kusikia kwamba kiti chake kilianza na mtu wa namna ile, na kwamba watu walimkataa. Tena lukasa haikuwa na usomaji mmoja: msomaji huyu na yule waliweza kuisoma tofauti, kadiri ya nafasi na wasikilizaji. Kumbukumbu ilikuwa mahali pa kubishana.

Ya kwao ni kufuli la Ian Stevenson. Huyu alikuwa munganga wa akili katika chuo kikuu cha Virginia, aliyekufa mwaka 2007. Alitafuta miaka makumi habari za watoto wanaosema waliishi mbele, Asia zaidi, na hata kwa Waigbo wa Nigeria. Hakuwa mtu wa kulaza watu. Alionya mara nyingi kwamba hipnozi inachanganya mawazo ya mgonjwa na ya mwongozaji. Ajabu ni kwamba wenye kulaza watu wanapenda kutaja jina lake kama babu yao, na lile onyo wanaliacha njiani. Huyu Stevenson alinunua kufuli la namba, akaliweka kwenye kabati la mafaili, na namba akazijua yeye peke yake, kwa neno ao maneno aliyochagua. Aliwaambia wenzake kwamba akikufa, kama inawezekana, atajaribu kuwafikishia lile neno. Gazeti la New York Times lilipotangaza kifo chake mwaka 2007, kufuli lilikuwa bado limefungwa.

Wengine wanacheka ile hadithi. Mimi naiona urithi mkubwa kuliko vyeti. Yule mzee hakuwaachia wanafunzi wake sifa. Aliwaachia kitu kinachoweza kumshinda yeye mwenyewe. Kila siku kufuli linapokaa limefungwa, linasema kitu kuhusu mafundisho yake, na wanafunzi wake hawakulificha, waliliambia magazeti.

6. Kwa kumaliza

Basi, kwa watu wa ile tiba, maoni yangu ni haya. Wanajua kutunza sauti ya mwalimu na wanajua kuendelesha kazi, tuwaige pale. Lakini wakumbuke Woolger pamoja na mashaka yake, Wambach pamoja na ile kesho ambayo haikufika, Stevenson pamoja na onyo lake, na Virginia Tighe kwa jina lake. Spanos pia wamweke katika orodha. Wasipofanya hivyo, mtu atakayelala mbele yao kesho hatakuwa na ulinzi wowote, juu mwongozaji wake atakuwa amerithi uhakika bila kurithi mashaka.

Na sisi? Kwenye vilio vyetu tunasikia: "Mutu akisha kufa, bote banasema alikuwaka muzuri." Muungano wetu unatayarisha kila mwaka siku ya kukumbuka wazee na waalimu waliotutangulia. Tunasoma majina, tunaimba, tunakula, tunarudi. Naomba tuongeze kitu kimoja katika ile siku: kwa kila jina, mtu mmoja aliyemjua aseme jambo moja ambalo marehemu alikosea, ao swali moja ambalo hakumaliza, na liandikwe katika daftari la muungano. Familia zitaona aibu mwaka wa kwanza. Waambiwe habari ya Nkongolo, kwamba mababu waliona aibu ile ile na wakaitia shanga.